Mayai ya Mwisho ya Bata wa Mama

Usagara, Misungwi,
25 Agosti 2024.

Mpendwa dada yangu Paskazia,

Shikamoo. Habari za huko Tunduru? Mguu unaendeleaje? Nilifurahi kusikia kwamba sasa unakanyaga chini bila fimbo. Usiharakishe kurudi shambani, korosho hazikimbii. Shemeji Obedi hajambo? Na watoto? Sisi huku, mimi, Mihayo wangu na watoto, ni wazima wa mwili. Mvua bado, vumbi la barabara kuu linatufuata mpaka kwenye sahani, lakini tunapumua.

Najua utashangaa kupata barua wakati kila mtu ana simu. Juzi ulipopiga ukauliza mbona sauti yangu imepoa, nikakujibu ni mafua. Mihayo alikuwa amekaa karibu yangu. Hayakuwa mafua, dada.

Unakumbuka kwamba kwenye mazishi ya mama, wajomba walichinja bata wake wote kulisha waombolezaji. Sikuwalaumu, watu walikuwa wengi. Ila nyuma ya jiko nilikuta mayai kwenye kiota, bado mapya. Ni ya wale bata weusi wenye shingo nyeupe ambao mama alikuwa akiwaita mapadre. Nikayafunga kwenye khanga yake, nikayapakata kwenye meli kutoka Nansio mpaka Mwanza bila kuyaweka chini hata mara moja.

Nyumbani alinipokea wifi Gladness, dada yake Mihayo. Tunaishi naye ua mmoja tangu alipoachana na mumewe. Wazazi wao walipokufa ndiye aliyemlea Mihayo, kwa hiyo hapa neno lake halipingwi. Aliponiona nafungua ile khanga, alisema, "Wenzako wakifiwa wanarithi mashamba. Wewe umerithi mayai!"

Nikacheka naye. Ningefanya nini?

Kuku anayeatamia alikuwa wa kwake, na sikutaka kumwomba. Nikaenda Mirongo, Mwanza mjini, kwa fundi Chenge, akanitengenezea mashine ya kutotolesha: sanduku la mbao lenye balbu, feni ndogo na kioo kwa mbele. Sikuwahi kutotolesha hata yai moja kwa njia hiyo. Nilijifunza kwa kuulizauliza. Unaweka bakuli la maji ndani ili hewa isikauke, unaangalia kipimajoto, unayageuza mayai mara kadhaa kwa siku. Kila yai nililichora msalaba wa penseli upande mmoja nisije nikachanganya. Umeme ukikatika, nilifunika sanduku kwa blanketi na kupanga chupa za maji ya moto pembeni, huku wifi akipita na kuuliza kama mgonjwa amelala.

Wiki ya kwanza ilipoisha nikayamulika kwa tochi. Dada, niliona mishipa! Myembamba kama nyuzi nyekundu, na katikati kitu cheusi kinatikisika. Nilimwita Mihayo. Akainama, akaangalia, akanishika bega. Siku ile nilijua nina mume.

Sasa, siku za mwisho mayai hayageuzwi tena wala sanduku halifunguliwi, mpaka vifaranga watoke wenyewe. Siku hizo ndizo zilizoangukia Misa ya arobaini ya mama, ile ambayo mguu wako ulikuzuia kufika. Mihayo alikuwa kazini Geita. Nikamwomba wifi aniangalizie umeme tu, mengine yote yalishakamilika. Alikubali haraka, hata karanga za njiani alinifungia.

Niliporudi kutoka Nansio nilichungulia kwenye kioo. Mayai yalikuwa yamelala vilevile, na misalaba yake. Nikangoja. Siku ya kutotolewa ikafika, ikapita. Nilikuwa naweka sikio kwenye mbao nisikie mlio, kimya. Wifi akaita majirani, "Njooni mumwone wifi yangu anavyojifungua bata!" Wakaja, wakajaa mlangoni. Akaniambia nivunje moja tuone.

Nikavunja. Halikuwa na kifaranga, wala halikuwa limeoza. Kiini kilikuwa kigumu, cha njano, kama cha yai la chai ya asubuhi.

"Ee! Mashine imepika!" wifi akasema. "Leteni chumvi."

Wanawake wale walicheka mpaka wengine wakashika ukuta. Na mimi niliamini, dada. Niliamini kwamba nimezidisha joto, kwamba nimewapika watoto wa bata wa mama kwa mikono yangu. Mihayo aliporudi nilimwomba radhi huku nalia, kana kwamba nimeunguza nyumba.

Haikupita wiki, nikaenda kumwaga majivu kwenye shimo la taka. Nikaona maganda. Maganda mapana, ya mayai ya bata, na juu yake misalaba yangu ya penseli. Nikainua macho nikaangalia jikoni kwa wifi. Kuku wake alikuwa anatoka na vifaranga, midomo bapa, miili myeusi, shingo nyeupe.

Alikuwa ameyachukua mayai yangu nilipokuwa kanisani namwombea mama, akamwekea kuku wake. Kwangu akapanga mengine ya bata wa jirani, ya kuchemsha, na akakaa chini kuyachora misalaba moja moja.

Nilipomuuliza hakukana. "Nilikuwa nakutania, wifi. Kwani hujui utani? Na aliyewatotoa ni kuku wangu, kwa hiyo bata ni wangu."

Nikamwambia Mihayo. Akavua viatu kwanza. "Msinigombanishe na dada yangu kwa sababu ya bata," akasema, na hapo maneno yakaisha.

Basi wakakua. Nilikuwa nawaona kila siku wakipita mlangoni kwangu na mwendo ule wa mapadre. Jumapili iliyopita binti yake wifi, Precious, alipata kipaimara, ikafanyika sherehe hapa uani. Wifi akawachinja wote, hakubakisha hata jike moja la mbegu. Akaniletea kwenye beseni niwanyonyoe, "kwa sababu nyie watu wa kisiwani mnajua mambo ya majini." Niliwanyonyoa, dada. Manyoya meupe ya shingoni ndiyo yaliyokuwa magumu kutoka. Nikawapika kwa nyanya na vitunguu vingi kama alivyotufundisha mama.

Wageni walikula wakasifia. Mmoja akauliza bata wazuri hivi wametoka wapi. Nilikuwa nimeshika bakuli la mchuzi. Nikasema kwa sauti wote wasikie, "Wametoka kwenye mayai ya marehemu mama yangu."

Wifi akalamba vidole. "Basi marehemu ametushibisha," akasema. "Mungu ampumzishe."

Wageni wakaangua kicheko. Nikamtazama Mihayo, nikijua kwamba huyu walau atainamisha kichwa. Alikuwa anacheka. Alicheka mdomo umejaa, mpaka akapaliwa, akaninyooshea mkono nimpe maji.

Nikampa maji.

Wifi ninaweza kumsamehe hata kesho. Yeye hakuwahi kunipenda, hajanipunguzia kitu. Lakini ukinyoosha mkono kitandani kwangu, aliyelala hapo ni yule aliyecheka. Anauliza kwa nini siku hizi siongei. Namjibu vizuri, namwekea maji ya kuoga, nampigia pasi. Hajui kwamba nimeshaongea na mjomba Shimba kule Nansio kuhusu nyumba ya mama, na ameniambia ufunguo upo. Shule zikifungwa Desemba nitawachukua watoto tuvuke, na sitakata tiketi ya kurudi. Usimpigie Mihayo kumsihi wala kumtukana. Namwachia dada yake aliyemlea, aendelee kumlea.

Msalimie sana shemeji Obedi, mbusu Justa na mdogo wake, na mama Wilhelmina jirani yako mwambie dawa aliyonielekeza ya kikohozi cha mtoto ilifanya kazi. Wifi Gladness hajakutumia salamu, nami sikumwomba.

Mungu auponye mguu wako na akuwekee watu wa kukusikitikia siku utakayolia.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye siku zote,

Odeta