Kaka Haazimwi

Mabawa, Tanga
25 Juni 1985

Kwa kaka yangu Bakar,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima. Sisi hapa hatujambo. Mama goti linamsumbua asubuhi tu, likipata jua linanyamaza. Shangazi Wanu anakusalimu na kuuliza kama huko wanapika wali au unashindia mikate.

Kaka, nina habari. Yakoub ameleta posa. Yule yule wa vitambaa, ambaye zamani akipitisha khanga zake kwa magendo vichochoroni huko Moa. Siku hizi anapita mpakani Horohoro mchana kweupe na risiti mkononi, anajiita mfanyabiashara. Mama amekubali, na mimi nimekubali kabla ya mama, ila hilo usimwambie mtu.

Ndoa ni Ijumaa tarehe 30 Agosti, siku chache baada ya Iddi Kubwa. Baba angekuwepo nisingekuandikia kwa kukubembeleza. Lakini baba hayupo, na wewe ndiye kaka pekee, kwa hiyo walii wangu ni wewe. Nataka uje mlangoni uniulize kama naridhia, kisha ukae mbele ya Sheikh Zubeiri uniozeshe kwa mdomo wako.

Kozi yako ya kutengeneza vyuma vya miguu ilikwisha Aprili. Ukaandika umejitolea kubaki kidogo kwenye nyumba ya watoto. Kidogo hicho hakijesha?

Mimi mdogo wako,
Shadya

*

Karibu na Baroda, India
16 Julai 1985

Kwa mdogo wangu Shadya,

Marahaba, na hongera sana. Nimesoma barua yako mara mbili nikiwa karakana, mpaka gundi ikanikaukia. Yakoub namjua. Anaongea sana lakini hadanganyi. Mwambie mama goti alisugue mafuta ya nazi yaliyopashwa.

Sasa nisikilize kwa utulivu, najua hasira zako. Hapa wapo wasichana ishirini na watatu, miguu imepooza tangu wakiwa wachanga. Wengi waliletwa na hakuna aliyerudi kuwaangalia. Mimi nawatengenezea magongo na vyuma. Wahindu wana sikukuu ambayo dada humfunga kaka yake uzi mkononi, na kaka naye anaahidi kumlinda. Kila mwaka watoto hawa hukaa dirishani wakiwaangalia wenzao wa mjini. Mwezi Mei, kabla sijajua habari ya posa, niliwaambia mwaka huu wanifunge mimi. Tangu siku hiyo wanasokota nyuzi.

Sikukuu yenyewe inafuata mwezi mpevu. Nimeuliza tarehe. Ni Ijumaa hiyo hiyo, 30 Agosti.

Mmoja wao, Kokila, ana miaka tisa, ndiye msemaji wao. Nilipomwambia kwamba dada yangu anaolewa siku hiyo aliniuliza, "Dada yako ana kaka wangapi?" Nikamwambia mmoja. Akasema, "Basi muulize kama atatuazima, siku moja tu."

Ndani ya bahasha kuna karatasi ya uwakala, nimeiandika mbele ya mashahidi wawili Waislamu wa hapa. Inampa Sheikh Zubeiri idhini ya kukuozesha kwa niaba yangu. Kisheria ni sawasawa na mimi kuwepo. Mpelekee. Nimetia na picha, huyo aliye begani ndiye Kokila.

Nisamehe, nami nitakuja Disemba.

Kaka yako,
Bakar

*

Mabawa
6 Agosti 1985

Kaka Bakar,

Shikamoo. Sisi wazima. Mama mzima, goti zima, mafuta ya nazi yamepatikana bila foleni, siku hizi dukani kila kitu kipo, kasoro wewe.

Nimeiona picha. Nimemwona huyo aliyekaa begani kwako. Hapo nilikuwa nikikaa mimi, ukinipeleka chuoni kusoma Kurani mvua ikinyesha ili viatu visilowe. Umemshika mguu kwa mkono wa kushoto, vile vile ulivyokuwa ukinishika. Nimeitazama mpaka Shangazi Wanu akaninyang'anya, ati naitoboa kwa macho. Nina wivu, kaka. Sitaki kulisema kwa kuzunguka. Nawaonea wivu watoto viwete, na najua ni aibu, na aibu haiupunguzi.

Nilitaka kukuandikia kwamba kufungwa nyuzi ni mambo ya dini ya watu na Sheikh akisikia atasemaje. Nikayafuta, maana ungejua ni wivu umevaa kanzu.

Uzi? Wa kwanza ulinifunga wewe, kwenye jino, ukafunga ncha ya pili kwenye kitasa na kuubamiza mlango. Nilikuwa na miaka sita. Nilikulilia na bado jioni nikalala pajani kwako. Hao ishirini na watatu umewang'oa meno?

Mwambie Kokila kwamba ungo huazimwa, na kinu pia. Kaka haazimwi.

Karatasi imefika. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Shadya

*

Karibu na Baroda
1 Septemba 1985

Bi harusi wangu,

Umeamkaje katika nyumba yako? Nikupe hongera mara ya pili, safari hii kwa mke wa mtu. Barua yako ya hasira niliipata siku tatu kabla ya sikukuu. Nilitamani kuja, lakini hata ningepata ndege nisingewahi. Nikajituliza kwa neno lako moja, kwamba karatasi imefika.

Ijumaa niliswali msikitini, kisha nikarudi nyumbani kwa watoto. Wao wana ibada yao, mimi nilikaa tu nikanyoosha mkono. Walijipanga, vyuma vikilia sakafuni. Kila mmoja alinitia kipande cha halua mdomoni na kunifunga uzi wake. Mkono wa kulia ulijaa wakahamia wa kushoto. Kokila alitaka kuwa wa mwisho ili asiharakishwe. Mimi niliwapa magongo mapya, kila mmoja kwa rangi aliyoichagua mwenyewe.

Nilitazama saa. Nikahesabu kwamba Tanga watu wametoka msikitini, Sheikh Zubeiri ameketi mahali pangu, na wewe sasa ni mke wa Yakoub. Moyo ukatulia kabisa.

Uzi haukatwi, huachwa mpaka uchakae wenyewe. Nimewaahidi hivyo.

Niandikie jinsi ilivyokuwa. Nataka kujua kila kitu, hata nani alilalamikia pilau.

Kaka yako mwenye furaha,
Bakar

*

Mabawa
20 Septemba 1985

Kaka,

Shikamoo. Afya zetu ndizo hizo, tunakula na tunalala.

Mimi si mke wa mtu. Sikuolewa.

Karatasi yako sikumpelekea Sheikh. Niliiweka chini ya kisanduku cha cherehani, na alipouliza walii yuko wapi nilimwambia kaka yuko njiani, atafika kabla ya Ijumaa. Mama nilimwambia hivyo hivyo. Nilijidanganya kwamba ukiisoma barua yangu utakuja kweli, na uongo wangu utageuka kuwa ukweli. Alhamisi bado nilikuwa nasikiliza mlango.

Wageni walikuja. Ndugu za Yakoub walivuka kutoka Pemba, wazee kwa watoto. Waliketi ukumbini tangu swala ya Ijumaa mpaka alasiri ikapita, na Sheikh akiuliza mama anamwambia, "Yuaja, basi limechelewa." Mama alikuwa anasema kweli aliyoijua yeye. Pilau likapoa. Magharibi wakaondoka bila kula, isipokuwa watoto.

Shangazi Wanu alinipiga. Mama hakunipiga, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Hanisemeshi hadi leo.

Yakoub hakupandisha sauti mbele za watu. Alituma mtu aniulize swali moja, kama ni kaka hakuja au ni mimi simtaki. Nimemjibu ukweli wote, na karatasi nikamwonyesha. Amesema atangoja mpaka mwisho wa Oktoba, halafu anakwenda Pemba kwenye karafuu, na akienda hatarudi kwa ajili yangu. Sheikh yuko tayari kuisoma karatasi siku yoyote. Wote wananiambia niitoe yaishe.

Nampenda, kaka. Nitakufa akiondoka. Lakini saa ile ile uliyotulia moyo, mimi nilikuwa nimekaa na hina mikononi naangalia pazia.

Ndiyo hiyo karatasi, nakurudishia. Ama uje uyaseme mwenyewe yaliyoandikwa humo, ama uirudishe kwa posta na mimi nitaolewa nayo, wala sitakulaumu tena. Uamuzi nimekuachia.

Shadya

*

SIMU YA MAANDISHI
9 Oktoba 1985

BARUA IMEFIKA. NAONDOKA BOMBAY TAREHE 19. MWAMBIE YAKOUB. USIMWAMBIE MAMA UONGO MWINGINE. KAKA

*

Chumba cha ndani, Mabawa
Ijumaa, 25 Oktoba 1985

Kaka yangu,

Shikamoo. Nakuandikia ingawa uko ukumbini, nimekusikia ukikohoa. Mimi niko ndani tangu Jumanne nasuguliwa liwa mwili unukie, na Shangazi Wanu amekataa nikuone mpaka saa yenyewe. Karatasi hii anakuletea mama. Ameanza kunisemesha, neno la kwanza likiwa kwamba mimi mpumbavu.

Ameniambia pia kwamba tangu ufike, na joto hili, hujakunja mikono ya kanzu. Najua unachokificha. Nilifikiri ungezikata nyuzi kabla ya kuingia Tanga, na nikajiandaa kufurahi. Mama aliposema hukuzikata nililia, sijui kilio cha nini, wivu nusu na nusu nyingine siijui jina.

Sasa sikiliza. Utakuja mlangoni kuniuliza kama naridhia. Mara ya kwanza nitanyamaza, ya pili nitanyamaza, kama ilivyo ada. Mara ya tatu, kabla sijajibu, kunja mkono wa kanzu, upitishe mkono wako wa kulia nyuma ya pazia. Nina uzi mwekundu wa cherehani, nimeusokota mara tatu. Sijui wao wanafungaje, mimi nitafunga fundo la mshonaji ambalo halifunguki.

Kina Kokila waandikie kwamba nimekubali, nimewaazima. Nyuzi zao zisikatwe. Lakini wangu utakaa mbele, kwenye kifundo cha mkono. Na kama hakuna nafasi, wasogee wao.

Dada yako wa kwanza,
Shadya