Rangi ya Shati la Halake

Jumatano. Upepo wa vumbi tangu asubuhi, na Isiolo nzima imefunga madirisha. Mimi nimeyafunga kwa sababu nyingine.

Nina hasira, na sioni wa kumkasirikia ila mimi mwenyewe.

Jana wazee waliniomba nipeleke projekta yangu kwenye ukumbi wa madrasa, hapa Bulla Pesa. Wanaume waliokwenda kuwatafuta wachungaji waliovamiwa malishoni, kule juu ya kijiji cha Biliqo, walikuwa wamerudi na picha kwenye flashi. Maiti walizikuta zimekaa juani, nyuso hazitambuliki, wakazizika palepale kama dini inavyotaka. Walichopiga picha ni nguo tu. Familia zikaja kuwatambua watu wao kwa nguo ukutani.

Nilichomeka flashi kwenye projekta, nikawasha. Rangi sikukagua. Nani anakumbuka rangi siku kama hiyo?

Mama Halake, jirani ya mama yangu kule Kiwanjani, alikaa mbele kabisa. Mwanawe alikuwa na wale wachungaji. Ilipotokea picha ya shati la zambarau, mfuko umechanika, alisimama.

"Hiyo si ya Halake," akasema. "Shati yake ni bluu. Mimi ndio nilinunua kitambaa, fundi akashona."

Picha zikaisha bila yeye kuona nguo ya mwanawe. Akatoka akisema alhamdulillahi, na hata waliokuwa wamekwisha kuwatambua watu wao wakamshika mkono.

Leo asubuhi akaja hapa studio yangu ya picha na chupa ya chai ya maziwa ya ngamia, asante yake kwangu. Mkono mwingine ulishika kipande cha kitambaa kilichobaki kwa fundi.

"Salaam aleikum, mwanangu. Weka hii kwa tangazo ya kumtafuta, watu wajue Halake amevaa rangi gani. Ako hai mahali. Mke wake anamngoja."

Alipoondoka nikamimina chai, nikakipiga picha kile kitambaa. Projekta ilikuwa bado mezani, nikairusha picha ukutani nione imetokaje.

Ikatoka zambarau.

Nilikaa chini. Mkononi nimeshika bluu, ukutani naona zambarau ileile ya jana. Ndipo nikakumbuka harusi ya wiki iliyopita, nilikoonyesha picha ukutani. Nilikuwa nimeiongezea projekta wekundu ili hina ya bibi harusi ikolee, maana hapa kwetu hina ikipauka kwenye picha, mashangazi hawakuachi. Harusi ikaisha, nami sikuurudisha wekundu mahali pake.

Nikaziba madirisha kwa mablanketi. Nikarusha mwanga mtupu ukutani. Ulikuwa na rangi ya waridi, nikapunguza wekundu mpaka ukawa mweupe kweli. Kisha nikakibandika kitambaa ukutani, nikakiwashia taa nyeupe, na picha yake nikairusha kando yake. Nikapunguza kidogo, nikarudisha kidogo, nikarudi nyuma kutazama. Hatimaye bluu mbili zikafanana kabisa. Ilikuwa kazi safi. Sijawahi kuichukia kazi yangu namna hii.

Nikafungua picha za jana. Shati lenye mfuko uliochanika likatokea, na ni bluu.

Nimelia. Naandika tu, hapa hanioni mtu.

Alasiri Mama Halake akapiga simu. "Tangazo imetoka?"

"Bado, mama," nikasema.

Shetani hakosi neno. Aliniambia mashati ya bluu ni mengi, nirudishe wekundu ninyamaze, nani atajua? Nilimsikiliza kwa muda, sitadanganya. Lakini mke wa Halake anapaswa kukaa eda, na mama yake ana haki ya kumwombea mwanawe kama maiti, si kukaa akisikiliza mlango. Nikinyamaza nitakuwa nimewaibia hata kilio chao.

Kesho baada ya alfajiri nitakwenda Kiwanjani na mama yangu. Habari ya msiba haipelekwi na mtu mmoja. Nitabeba kitambaa, na picha ya shati niliyoichapa kwa rangi yake ya haki.

Na chupa. Chai yake niliinywa yote asubuhi, kabla sijajua, na ilikuwa tamu. Chupa nimeiosha, imekauka, iko hapa mbele yangu. Kwetu chombo cha jirani hakirudishwi kitupu. Unatia angalau sukari.

Hii ya Mama Halake nitaitia nini?