Nilisema Mchaichai ni Dawa

Jumapili, 9 Machi 2025

Leo nimewafundisha kina mama wa kanisani faida za mchaichai. Nimeongea mpaka koo limekauka! Gesi tumboni, mafua, kukosa usingizi. Judica kauliza kama unatibu na uvivu wa mume. Tumecheka.

Jioni nimempigia simu mama, kule kijijini Ijumbi. Nikamwambia ule mchaichai ulio nyuma ya jiko achemshe, anywe asubuhi na jioni — ni dawa hata ya presha yake. Kafurahi, kanishukuru kwa Kihaya: "Wakola, mwana wange."

Jumatano, 19 Machi

Kaka Lameki kapiga simu nikiwa darasani. Mama kaanguka kibanjani, kwenye migomba! Mdomo umepinda. Nimeomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, naondoka Bukoba sasa hivi.

Alhamisi, 20 Machi

Hospitalini, Muleba. Kiharusi. Mkono wa kulia haunyanyuki, hata jina langu limemshinda. Daktari kauliza kuhusu dawa za presha. Baba kajibu haraka: dawa anakunywa kila siku, hajaruka hata moja. Nikashukuru Mungu.

Ijumaa, 21 Machi

Nimekwenda nyumbani na baba kumchukulia mama kanga. Vidonge viko juu ya kabati, pakiti nzima haijaguswa. Nyuma ya jiko mchaichai umekatwa hadi shinani.

Nikamuuliza baba, Taata, si ulisema dawa anakunywa? Akashangaa. Alikunywa, mbona. Dawa ya majani na ya hospitali hazichanganywi, kila mtu anajua, zitapigana tumboni. Ilibidi achague moja. Akachagua ya kwako, wewe ndiye msomi wetu.

Ya kwangu. Ee Mungu wangu! Kwa nini sikusema asiache vidonge? Sentensi moja tu! Nimelia chooni, nimejiziba mdomo kwa kanga ya mama.

Jumapili, 23 Machi

Lameki kajua habari ya vidonge. Kamwakia baba pale pale kwenye benchi nje ya wodi, watu wanatazama: nani alimwambia mama aache dawa? Nani?

Baba kaniangalia. Halafu kasema, "Ni mimi."

Nami nikanyamaza. Nilinyamaza! Mwanamke mzima wa miaka arobaini na moja.

Lameki kaapa hamsemeshi tena, katoka nje. Baba kaketi hapa kando yangu, ananimenyea ndizi mbivu. Kasema nile, sijala tangu jana. Lameki huyo anarudi, nasikia viatu vyake kwenye korido. Baba kanishika goti, kasema kwa sauti ya chini, kaa kimya, mwanangu —