Miguu ya Baba Mkubwa Achiel

Lindegem, Flandria
12 Juni 1978

Mpendwa dada Godelieve,

Hujambo wewe na watoto? Baridi ya Kanada imepungua? Sisi huku wazima. Mama yako, Mama Mkubwa Irma, bado analima vitunguu vyake na kugombana na kuku wa jirani.

Dada, natafuta pa kuanzia, uso sina.

Unaijua Lindegem yetu: kanisa, kiwanda cha bia, mashamba ya kitani, na watu mashuhuri watatu tu. Padre aliyetuletea miti ya mapeasi na mwenye kiwanda walishatengenezewa zamani majitu yao, zile sanamu kubwa za maandamano ya sikukuu. Safari hii ilikuwa zamu ya marehemu baba yako, bingwa wetu wa baiskeli, nawe uje Agosti, jitu lake litakapobatizwa kama desturi, uwe mama yake wa ubatizo.

Tulimjenga majira yote ya baridi ghalani kwa Remi, kwa fito na karatasi. Vipimo vilikuwa kazi yangu. Nilipima mlango, nikampima yeye, nikasahau kwamba angekuwa juu ya baiskeli! Jumapili ya tarehe 4 tulimsukuma nje kumjaribu, bendi inapiga, watu wamejaa uani. Akakwama.

"Tuvunje ukuta," nikasema.

"Ukuta wa nani? Thubutu!" Remi akaja juu.

Mchoraji aliyempaka rangi usoni naye: "Kichwa msiguse! Hicho ndicho Achiel."

Basi tukamkata mapajani kwa msumeno. Kiwiliwili kikatoka, miguu ile iliyotupa sifa ikabaki ndani, juu ya pedali. Wageni wa kijiji jirani wakashangilia: "Bingwa gani huyu, kutoka tu kwao kashindwa!" Nilitamani ardhi inimeze.

Mama Mkubwa akapita katikati yetu, kicheko kikakatika. Akalishika lile shavu la karatasi.

"Nisamehe, mama," nikamwambia. "Nitamtengenezea miguu mingine."

"Acha, Firmin. Miaka yote nilimwona mgongo tu, anaondoka. Mleteeni kiti."

Hapo ndipo nilipoaibika kwelikweli. Kamati nzima ya jitu, mikutano yote ile, hakuna hata mmoja aliyemuuliza mkewe angependa tumjenge vipi.

Tumemketisha sebuleni kwenu. Jioni mama yako hukaa naye na kahawa yake. Hakuulizi kama utakuja kweli, anaogopa jibu. Lakini jana nilipopita, nilikuta viti vitatu.

Nisalimie shemeji Walter na watoto. Remi naye anakusalimu, ingawa bado amenuna. Mungu akufungulie njia.

Ni mimi nduguyo akupendaye, niliyeinamisha kichwa,

Firmin