Ghala Halichorwi Tupu

Jumapili, 8 Novemba 1998

"Ghala bovu ni ghala bovu, Mwalimu, hata ulipake dhahabu." Maneno ya Sefu, jana mchana, kwenye mgahawa ule wa karibu na stesheni, mdomo umejaa wali. Uongo. Ghala haliwi bovu kwa sababu vigae vimeanguka. Linakuwa bovu siku wajukuu wa waliolijenga wanapoanza kulionea haya. Dunia inahifadhi makasri ya waliokula. Majengo ya waliolima nani anayahifadhi? Nilimwambia hivyo kwa sauti, mpaka mpishi akachungulia. Sefu akacheka. "Mie nimekuja Guangzhou kununua viatu na mikoba, weye umekuja kuchora magofu. Tuone nani atajaza kontena."

Ana ulimi. Mzanzibari huyo. Nampenda kwa sababu hanihurumii.

Kaka yangu Deus alisema yaleyale kwenye simu, tena bila ucheshi. Kihenge cha mama kule Magu, ghala lake la mtama, eti kinachukua nafasi. Anataka kukibomoa ajenge banda la bati, na bati ameshanunua. Nilimkatia simu.

Leo basi la kwenda Shiling, mji wa mikoba nje ya Guangzhou, kama kila Jumapili. Abiria wote wanashuka kwenye maduka ya mikoba. Mimi nashuka nao, kisha naendelea kwa miguu hadi kijijini kwa ajuza Bi Chan. Chuo kilinileta nchi hii kusomea uchoraji. Nashukuru. Lakini darasa langu liko huku, kwenye maghala ya mpunga ambayo hakuna anayeyatazama.

La Bi Chan ndilo bora kuliko yote niliyochora. Matofali ya kijivu. Sakafu imeinuliwa juu ya mawe ili unyevu usipande. Vidirisha vya duara chini ya paa. Mlango wake ni mbao zilizolazwa moja juu ya nyingine katika mifereji ya miimo, kila ubao na namba yake. Mpunga ukipungua, ubao wa juu unatolewa. Mpita njia alijua akiba ya kijiji kwa kutazama urefu wa mlango. Akili kama hiyo, halafu mtu anaiita gofu!

Marehemu mume wa Bi Chan ndiye aliyelitunza. Sasa ufunguo uko kwake, umefungwa kwenye kamba kiunoni. Ndani hamna kitu. Ufunguo bado anao.

Jumapili, 15 Novemba

Habari mbaya. Laoban mmoja wa mikoba (ndivyo sote tunavyowaita mabosi hapa) anakitaka kiwanja cha ghala ajenge karakana. Wazee wa ukoo watakutana tarehe sita Desemba kuamua. Wengi walishahamia mjini. Wanaona kiwanja tu.

Bi Chan alinishika mkono, akanipeleka kwenye ukumbi wa ukoo, akanionyesha ukuta, akachora umbo la mraba hewani. Nikaelewa. Anataka picha yangu itundikwe pale siku hiyo, wauzaji wakione wanachokiuza.

Miaka yote hii naandika magazetini na kutukanwa. Sijawahi kupewa heshima kama hii.

Alhamisi, 19 Novemba

Nachora. Pichani mbao zote nimezitoa. Mlango wazi, ndani giza, sakafu kavu. Nataka waone aibu. Picha isiyochoma ni kalenda.

Jumapili, 29 Novemba

Siku mbaya. Nimeipeleka. Sefu alikuwa na shughuli Shiling, nikamkamata anisaidie kubeba.

Bi Chan aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akaigeuza, uso ukutani, kama mtoto aliyetiwa adabu.

Nikapandwa na hasira. Nikabishana. Kichina changu ni cha darasani, chake ni cha huku kusini, hatukukutana popote. Sefu ana Kikantoni cha sokoni, bei, hapana, njoo kesho. Kikatosha.

"Anasema umemchorea njaa."

"Mwambie hiyo si njaa, ni ghadhabu."

"Mwambie mwenyewe. Mie najua ghali na rahisi tu."

Bi Chan akatuingiza jikoni. Akatuonyesha mtungi wa mchele. Umebandikwa karatasi nyekundu yenye neno moja: umejaa. Akafunua. Mchele ulikuwa chini kabisa. Karatasi haibanduliwi eti kwa sababu mchele umepungua. Kwao ghala halichorwi tupu, tena mwaka wao mpya unakaribia. Anayelichora tupu analiombea liwe tupu.

Sefu akatikisa kichwa, safari hii bila mzaha. "Bibi yangu kule Donge hakuwa akisema mchele umekwisha. Akisema umezidi. Nyie wa bara hamna haya?"

Tunayo. Mama hakufagia kihenge mpaka chini hata mwaka wa ukame. Konzi ya mwisho ya mtama ilibaki, iiite nyingine. Nimelitetea jambo hilo gazetini, dhidi ya msomi mmoja aliyeliita ushirikina, na nilimchana vizuri. Kisha mimi mwenyewe nikachora ghala la mama mtu mzima tupu mpaka sakafuni.

Nimeona haya.

Jumatano, 2 Desemba

Narudisha mbao pichani. Moja moja, kutoka chini kwenda juu, kama walivyofanya wakati wa mavuno. Kazi tamu. Ubao wa juu kabisa nimeubandika karatasi nyekundu.

Na naona jambo. Mlango wazi ulikuwa unapiga kelele. Mlango uliojaa unauliza tu: mnathubutu? Picha hii ina nguvu kuliko ile. Ajuza amenifundisha kubishana.

Tatizo ni rangi ya mafuta. Haitakauka kabla ya Jumapili. Leo jioni mwalimu wangu wa chuoni, mtu asiyesema maneno matano kwa siku, alisimama nyuma yangu, akatazama, akaondoka. Akarudi na chupa yake mwenyewe ya dawa ya kukaushia rangi. Akaiweka mezani. Sikumwomba. Nilikaa nikaitazama chupa ile kama mjinga.

Jumapili, 6 Desemba

Picha bado mbichi. Sefu aliishika mbele ya kifua, uso nje, kwenye basi lililojaa wanunuzi. Mama mmoja mwenye furushi akamsogelea. "Mama, ukinigusa utakuwa urithi wa taifa!" Sefu akapiga kelele kwa Kiswahili. Hakuna aliyeelewa, wote wakasogea. Hata hivyo mkono wa shati lake jeupe umepata kijivu. Aliapa nitalifua mimi.

Ukumbi ulijaa. Picha ikapanda ukutani. Waliotoka mjini walikuja kuitazama kwa karibu. Mmoja akaanza kusoma namba za mbao, kwa kidole, bila kugusa. Mwenzake akamkatiza. Wakazozana. Sefu akaninong'oneza: wanagombea ni mwaka gani ubao wa juu ulifika mahali pake. Lugha siijui, ugomvi naujua. Huo ulikuwa wa watu wanaopenda kitu.

Kisha mkubwa wa ukoo akasema, Sefu akinitafsiria. Picha nzuri. Lakini nyumba isiyo na kazi inakula ardhi. Wengi wakaitikia.

Bi Chan alikuwa ameushika ufunguo kwa mikono miwili. Nikasimama kujibu. Nilikuwa na hoja, nilikuwa na pumzi, Kichina kingejitafutia njia. Sefu akanivuta.

"Kaa, Mwalimu. Hapa panataka mfanyabiashara."

Akasimama yeye, na shati lake lenye kijivu, akauliza kwa lugha yake ya sokoni: kwa mwezi, kiasi gani?

Nami nikaelewa. Mikoba yake hungoja kontena wiki nzima na zaidi, hotelini analala juu ya maboksi, na unyevu umeshamtia ukungu mzigo mmoja. Na hapa kuna sakafu kavu iliyoinuliwa na vidirisha vinavyopumua.

Aliyecheka wa kwanza ni Bi Chan. Kisha ukumbi wote. Wakapatana bei mbele ya vibao vya majina ya wahenga wao, na Sefu hakuona aibu kusema "ghali mno" mbele ya wahenga hao. Laoban atapewa kiwanja kingine, kule barabarani.

Ghala linabaki.

Hoja zangu zote, na kilicholiokoa ni mikoba. Inaniuma kidogo kuandika. Namshukuru Sefu. Namshukuru mno. Kwenye basi la kurudi nilimwambia hivyo, akajibu kuwa shati nitalifua vilevile.

Jumapili, 20 Desemba

Siku tulivu. Sefu amefunga, Ramadhani mosi, lakini alikuja. Tukapanga maboksi. Ghala linanuka ngozi. Nilidhani nitachukia. Sikuchukia. Linanuka kazi.

Kabla ya boksi la kwanza, Bi Chan aliingia na konzi ya mpunga, akaimwaga pembeni, juu ya sakafu. Tulipomaliza akapanga mbao mwenyewe, namba kwa namba, mpaka juu, akabandika karatasi nyekundu.

Njiani Sefu akasema, "Ghala zuri, Mwalimu."

"Si bovu?"

"Bovu lilikuwa lile lako la picha ya kwanza."

Nilimwacha na ushindi wake. Alikuwa na kiu.

Kesho nitampigia Deus. Naandika hapa nisije nikafoka. Deus, nawe wifi Anastazia: msikibomoe kihenge cha mama. Yale mabati mliyonunua yapandisheni juu yake, kisinyeshewe. Hifadhini humo chochote mlicho nacho, pamba, majembe, baiskeli ya watoto. Lakini kwanza tangulizeni konzi ya mtama. Na chini pale msifagie.