Sabuni ya Mama Mchungaji

Nainokanoka, 11 Juni 1979

Dada Nasha wa Wasso,

Mimi mzima. Wewe na hospitali yako, mimi na elimu yangu ya darasa la tano ndimi ninayewatafsiria wazungu, Mchungaji na mkewe, Injili huku!

Ila wamenitia kinyaa. Juzi Bibi yetu alimtemea mate mtoto wao kumbariki, kama alivyotubariki sisi. Mama Mchungaji akakunja pua, akamsugua mtoto kwa sabuni mpaka akalia. Bibi akaniuliza, "Kwani baraka yangu inanuka?"

Jana Bibi alibatizwa. Mchungaji alipommwagia maji kichwani, Bibi akajifuta kwa shuka, akaniambia, "Mwambie mkewe alete ile sabuni."

Nikatafsiri yote, tena kwa sauti.

Mdogo wako, mkalimani mkuu,
Ngoitiko