Anselmi Ameinywa Kwanza Divai Yako

Papa,

Ile divai ya Merlot imefika. Ile ya mwaka wa jua kali kule Ufaransa, ambayo tulionja chupa yake ya sampuli mezani kwetu Gitega, ukasema, "Hii tunaagiza, hata tukila maharage mwaka mzima." Lori lilichelewa sana kwa hii vita ya mpakani. Limekuta umeshazikwa, na aliyeupokea mzigo ni Anselmi, huyo huyo mshirika wako. Duka lenu la Muhima sasa ni lake peke yake.

Sijasahau, Papa. Kwenye ile harusi ya Kicukiro mgeni mmoja alianguka baada ya kunywa divai yako, na Anselmi hakusema neno. Alifunika glasi yake kwa kiganja, basi, mbele ya watu wote. Yewe! Katika mji huu hiyo ni sawa na kutangaza kwamba kuna sumu. Yule mgeni alikuwa na malaria, akapona, lakini nani alirudi kuuliza? Wateja walikukimbia. Ukawa unashinda kitandani unatazama ukuta, mpaka presha ikakumaliza. Kile kiganja ndicho kilichokuua, wacha madaktari waandike wanachotaka.

Jumamosi akawaita wenye hoteli waje waionje. Akaniita na mimi, eti "binti yetu", maana anajua wale wazee wanauamini ulimi wangu kwa kuwa wewe ndiye uliyeufundisha. Nikaenda. Nilivaa lile gauni la bluu ulilonishonea kwa Pasaka.

Akanimiminia mimi wa kwanza, eti adabu ya kizungu: mgeni aonje, mwenyeji asubiri. Nikaiinua kwenye mwanga wa mlango. Nyekundu iliyokolea, karibu nyeusi. Nikanusa. Matunda ya ibinyomoro yaliyoiva hadi kupasuka, jemu ikiwa bado motomoto, na kwa mbali tumbaku. Ni yenyewe, Papa! Nusura nilie mbele ya mbwa yule.

Nikamrudishia glasi. Nikasema, tena kwa sauti, kwamba kwetu mwenye pombe ndiye anayesogongera, anaonja kwanza ili mgeni ajue haina kitu. Divai hii, nikamwambia Anselmi, aliichagua baba yangu, Papa Karoli. Kunywa wewe kwanza.

Ungemwona! Akikataa, anauharibu mzigo wake mwenyewe. Akinywa, anaonyesha kwamba divai yako haimtishi. Akanywa kidogo. Nikamwambia anywe yote. Akaimaliza huku nyingine inammwagikia shati, na patroni mmoja, mwenye hoteli, mzee aliyekuwepo kwenye ile harusi, akamuuliza: sasa siku ile ulifunika glasi kwa nini? Anselmi akatazama chini. "Nilijua haina kitu," akasema. Nilijua haina kitu! Papa, nilitaka kumrukia.

Ndipo nikaonja na mimi. Ulinikataza kuisingizia divai, hata iwe ya adui, kwa hiyo niliwaambia ukweli. Ni laini, ukakasi wake haung'ang'anii ulimi, matunda yamejaa mdomoni. Lakini jua limeipunguzia uchachu, pombe yake inachoma koo kidogo, na anayetaka kuiweka miaka mingi asahau. Inywewe sasa, na mbuzi wa kuchoma. Waliipenda, wakalitaja jina lako vizuri, wengine kwa aibu. Yule mzee akasema hachukui hata katoni moja mpaka Anselmi aende kuyasema yale yale kwa watu wa harusi, na wenzake wakamuunga mkono.

Unadhani nilimhurumia? Hata chembe. Alikuwa anafuta machozi, na mimi nikaona raha, raha kabisa. Nikamjazia glasi nyingine.

Najua ungekuwa hai ungesema, "Mwache, mwanangu." Usiseme. Wewe ulimwachia kila kitu, ona sasa uko wapi.

Lala salama, Papa wangu. Kesho nampeleka Kicukiro, atakunywa mbele ya bwana harusi na wakwe zake. Halafu nakuahidi, nitampitisha kila nyumba iliyokufungia mlango, anywe kwanza, aseme alijua. Na akiniuliza tutamaliza lini, nitamwambia aje akuulize wewe.

Binti yako,
Imakulata